Wimbo Una Wenyewe: Podikasti Inayoanzia Mgeta

Kijana wa Mgeta anayetaka kuanzisha podikasti hakosi cha kusema. Huko juu Nyandira, Langali na Tchenzema, kwenye miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru wilayani Mvomero, wako wakulima wanaopeleka kabichi, karoti, viazi na njegere katika masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Wako wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei, mbegu iliyoletwa huko miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wako wazee wanaosimulia habari za matuta ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuyachimba miaka ya 1950. Vifaa navyo havitishi tena: simu janja, kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye kola, na bando.

Kinachowaangusha wengi kinakuja baadaye, kipindi kikishapanda mtandaoni. Kipindi kinazimwa sauti kwa sababu ya wimbo uliowekwa mwanzoni. Mgeni aliyehojiwa anarudi akisema hakujua kwamba sauti yake itasikika hadi Marekani. Ofisi fulani inauliza leseni. Wenzi wawili walioanzisha kipindi kwa upendo wanagombana juu ya jina la kipindi chenyewe. Mambo yote hayo yana dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo ni ya bei nafuu, mradi itafutwe kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa.

Msingi wa yote kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inalinda kazi tangu inapotungwa. Mtunzi hahitaji muhuri wala cheti ili kazi yake iwe yake, na usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, unamsaidia tu kuthibitisha umiliki siku ya ubishi. Jambo hilo lina pande mbili kwa mwenye podikasti. Kipindi chake kinalindwa tangu siku ya kwanza, hata kama amekirekodi chini ya mti wa matofaa. Na kwa kipimo hichohicho, kila kitu anachokikuta mtandaoni bila jina la mwenyewe kina mwenyewe.

Muziki ndio unaoponza watu kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo unastahili maelezo marefu. Wimbo mmoja uliorekodiwa huwa na haki za watu wa aina tatu. Kuna mtunzi wa maneno na melodi, mwenye hakimiliki. Kuna walioimba na kupiga vyombo. Na kuna aliyegharimia na kusimamia rekodi, ambaye mara nyingi ni studio au lebo. Hawa wawili wa mwisho wana kile sheria inachokiita hakishiriki. Mtayarishaji wa podikasti anayemwomba ruhusa mwimbaji wa Bongo Fleva kwa ujumbe wa simu, akajibiwa "poa, tumia tu", amepata neno la mmoja kati ya watatu. Mwimbaji mwenyewe huenda alishaipa lebo haki zake kwa mkataba, na hana tena mamlaka ya kuzigawa.

Ipo imani iliyoenea mno vijijini na mijini kwamba sekunde 30 za wimbo ni bure, na wengine husema sekunde 10. Hakuna kifungu cha sheria ya Tanzania kinachosema hivyo. Sheria inaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, kwa kiasi kinacholingana na kusudi la nukuu, huku chanzo na jina la mtunzi vikitajwa. Anayechambua muundo wa wimbo, akaupiga kidogo ili msikilizaji asikie gitaa linavyoingia, ana hoja ya kusimamia. Anayeuweka wimbo huohuo kuwa jingo la kufungulia kila kipindi hana hoja yoyote, hata akiukata ukabaki sekunde 4, kwa sababu hanukuu kitu. Anapamba kipindi chake kwa jasho la mwingine.

Kenya ilitoa somo zuri kuhusu hili. Mei 2022, wakati wa kampeni za uchaguzi, muungano wa Azimio la Umoja ulisambaza video ya kumtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza ikiwa na wimbo "Extravaganza" wa kundi la Sauti Sol. Kundi hilo lililalamika hadharani kwamba halikutoa kibali cha kuuunganisha wimbo wao na picha hizo. Bodi ya hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ilieleza tofauti ambayo watu wengi walikuwa hawajawahi kuisikia: leseni ya kupiga muziki mahali pa umma ni kitu kimoja, na ruhusa ya kuufunga muziki ndani ya video au kipindi ni kitu kingine, ambacho lazima kiombwe kwa mwenye wimbo. Tofauti hiyo inamhusu mwenye podikasti moja kwa moja. Mwenye baa anayelipia leseni ya kupiga muziki kwa wateja wake amelipia ukumbi wake tu. Risiti yake haimwezeshi rafiki yake kuchukua wimbo uleule na kuutia kwenye kipindi kitakachodumu mtandaoni miaka yote.

Na anayedhani wasanii wa hapa nyumbani hawashitaki, akumbuke Mahakama ya Wilaya ya Ilala. Aprili 2016 mahakama hiyo iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao "Usije Mjini" na "Dakika Moja" kama miito ya simu bila makubaliano nao. Mvutano ulipanda hadi mahakama za juu. Kwa mwenye podikasti, la kuchukua hapo ni aina ya matumizi yaliyozaa kesi, yaani vipande vifupi vya nyimbo ndani ya huduma ya kielektroniki.

Sasa zilipendwa. Mtu hawezi kutengeneza podikasti mkoani Morogoro bila kushawishika kuzipiga, kwa sababu mji wa Morogoro ulikuwa ngome ya muziki wa dansi. Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa hapa. Mbaraka Mwinshehe alikuwa hapa na Morogoro Jazz, kabla ya kuunda Super Volcano. Wengi huamini nyimbo hizo zimekuwa mali ya wote kwa sababu waimbaji wake wamefariki. Hesabu ya sheria ni nyingine: hakimiliki ya mtunzi Tanzania hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, kwa hiyo tungo zake bado zina warithi wenye haki hadi 2029. Salum Abdallah alifariki 1965, naye pia kwa ajali, na muda wa tungo zake hapa nchini umekwisha. Lakini si kila wimbo wa Cuban Marimba ni wake. Baada ya kifo chake bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza, na tungo za Kilaza zina hesabu yake.

Kuna kikwazo kingine ambacho watu hukigundua kwa kuchelewa. Podikasti haiishi Morogoro. Inahifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni za Marekani na Ulaya, na kampuni hizo hufuata sheria za kwao. Huko Marekani, sheria iliyopitishwa 2018 inazilinda rekodi za sauti zilizotolewa kati ya 1957 na Februari 1972 hadi mwaka 2067. Rekodi ya Cuban Marimba ya mwaka 1962 inaweza basi kuwa imemaliza muda wake hapa, na bado ikafungiwa na mtambo wa YouTube kwa sababu kampuni ya nje iliyoitoa upya kwenye CD imeisajili kama yake. Hali hiyo inauma, na ina haki ya kuuma. Watu waliozaliwa kando ya muziki huo wanazuiwa kuusikilizisha, na mashine isiyoweza kumtofautisha Salum Abdallah na mwingine yeyote.

Njia ya kupita ipo. Historia ya bendi haina hakimiliki: miaka, majina, safari, mashindano ya Morogoro Jazz na Cuban Marimba, kumbi walizopigia, yote hayo yanaweza kusimuliwa kwa maneno ya msimuliaji mwenyewe. Wazee waliocheza dansi hizo wanaweza kuhojiwa. Na mpiga gitaa kijana anaweza kurekodiwa akiipiga upya tungo ya Salum Abdallah. Hapa nchini utunzi hauna tena mwenye kudai, na rekodi hiyo mpya ni ya aliyeitengeneza, kwa makubaliano na mpigaji. Kwa tungo za Mbaraka, familia itafutwe kwanza. Ni safari, ndiyo, lakini safari hiyo yenyewe ni kipindi.

Kwa jingo la kila wiki, suluhisho bora liko jirani zaidi. Mtayarishaji amtafute kijana anayetengeneza biti, amlipe kiasi wanachoelewana, na waandikiane karatasi. Karatasi hiyo haihitaji Kiingereza wala wakili. Itaje majina kamili ya wote wawili, itaje biti kwa jina na urefu wake, iseme kwamba mtengenezaji ameiunda mwenyewe bila kukata vipande vya nyimbo za watu, iseme biti itatumika kwenye podikasti fulani katika mitandao yote na kwa muda gani, itaje kiasi kilicholipwa, kisha isainiwe mbele ya shahidi. Kifungu cha kutokata vipande vya watu kisiachwe, maana biti nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zina sampuli ndani yake, na mtambo wa mtandaoni huzinusa mara moja.

Asiye na fedha atumie muziki wa leseni huria, ule ambao watunzi wake wameruhusu kwa masharti ya Creative Commons. Asome masharti. Baadhi wanataka jina litajwe tu, baadhi wanakataza matumizi ya biashara, na podikasti yenye tangazo la duka la pembejeo tayari ni biashara.

Twende sokoni. Mtayarishaji amesimama Nyandira siku ya gulio, anamhoji mama muuza karoti. Mahojiano ni matamu: mama anaeleza jinsi dalali anavyobana bei gunia likishafika kwenye lori, anataja gharama ya kubebesha mzigo kutoka shambani, anacheka. Nyuma yake, hatua kama 10, spika ya duka inafungua wimbo unaotamba wiki hiyo. Binadamu anayesikiliza atausikia wimbo kwa mbali na kuusahau. Mfumo wa YouTube wa kutambua sauti hausahau. Utalinganisha alama za wimbo na ghala lake, na kipindi kizima kinaweza kuzuiwa au mapato yake kwenda kwa lebo. Programu ya kuuondoa wimbo ule inaweza kuharibu na sauti ya mama. Dawa ni kumwendea mwenye duka kabla ya kuanza na kumwomba azime kwa dakika 15, au kumhamishia mama nyuma ya ghala. Kelele za soko, vishindo vya magunia, honi za lori na makonda wanaoita abiria, hizo hazina mwenyewe, na ndizo zinazompa msikilizaji wa mbali ladha ya Mgeta.

Kanisani mambo yanahitaji utaratibu wake. Mahubiri na hotuba ni kazi zinazolindwa na sheria ileile ya 1999, kwa hiyo padri au mchungaji aombwe ruhusa kama mtunzi mwingine yeyote. Kwaya ina tabaka zaidi. Wanakwaya wa parokia wanaweza kukubali kurekodiwa kwa furaha, lakini wimbo wanaouimba huenda umetungwa na mtunzi wa jimbo jingine ambaye nota zake wamezinunua au kuzinakili. Ruhusa ya mwenyekiti wa kwaya haimfungi mtunzi huyo. Kwa kawaida jina lake limeandikwa juu ya karatasi ya nota, na watunzi wengi wa nyimbo za kanisa hufurahi kuombwa.

Ngoma na hadithi za Waluguru zina ulinzi wao, na hapa watengeneza podikasti wengi hawajui kabisa kwamba sheria inawaangalia. Ile sheria ya 1999 ina sehemu nzima inayohusu sanaa za jadi: hadithi, mashairi ya kimapokeo, nyimbo, ngoma. Zikitumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya asili, kibali kinatakiwa kutoka Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na jamii na mahali zilikotoka vinapaswa kutajwa. Bibi akiwasimulia wajukuu zake hadithi ya sungura jikoni yuko ndani ya mila, na hadaiwi chochote. Kampuni ikiirekodi hadithi hiyohiyo na kuiwekea matangazo imetoka nje ya mila. Podikasti ya kijiji ipo kati ya hapo na pale, na ushauri wa busara ni kuiandikia BASATA mapema, kisha kuzungumza na wazee wa ukoo husika. Miongoni mwa Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na kuna mambo ya ukoo yasiyosemwa mbele ya kila mtu. Muhuri wa Dar es Salaam hauwezi kumpa mtu ridhaa ya ukoo.

Maandishi yana unafuu mkubwa. Maarifa hayana mwenyewe: jinsi ya kukinga viazi dhidi ya baka jani, mbuzi wa maziwa ale nini, karoti ipandwe kwa nafasi gani. Kinacholindwa ni namna maarifa hayo yalivyoandikwa. Mtayarishaji akikisoma hewani kijitabu cha watafiti neno kwa neno, amenakili kazi ya watu. Akikisoma nyumbani, akakielewa, akaeleza kwa lugha yake na kutaja alikotoa, hana kosa. Afadhali zaidi amwalike mtafiti mwenyewe. Ila kipindi kinapogusa dawa, uangalifu uongezwe, kwani matangazo ya dawa za binadamu yanahitaji idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na mwenye kipindi hawezi kujificha nyuma ya mteja wake.

Kisha wageni. Tangu 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sauti ya mtu, jina lake, kijiji chake na habari za afya yake ni taarifa binafsi. Ridhaa ya kweli inamtaka mgeni aelewe kipindi kitasikika wapi na kwa muda gani. Mkulima asiyetumia mtandao haelewi maana ya podikasti kwa kuambiwa jina tu. Achezewe kipindi kilichotangulia kwenye simu, aambiwe kwamba hata mtoto wake aliyeko Dar es Salaam anaweza kukisikia, ndipo aulizwe. Jibu lake lirekodiwe mwanzoni mwa mahojiano kwa sauti yake mwenyewe, jambo linalomfaa hata asiyejua kusoma. Kwa mtoto, ridhaa itoke kwa mzazi au mlezi. Na kama mgeni anasimulia jambo zito, mgogoro wa shamba au ugonjwa, apewe nafasi ya kukisikiliza kipindi kabla hakijatoka.

Upande wa leseni ndio uliojaa misukosuko. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, ziliyaeleza maudhui kuwa ni sauti, data, maandishi au picha. Sauti ikaingia. Ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka, mtu alitakiwa kutoa zaidi ya shilingi milioni 2, na adhabu ya kukiuka ilianzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 12. Mei mwaka huo Mahakama Kuu ya Mtwara ilizisimamisha kwa muda, kisha zuio likaondolewa, na Juni jukwaa la mtandaoni la JamiiForums likalazimika kufunga huduma zake kwa kipindi fulani. Ada ile ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa kijana wa kijijini, na ni haki kusema kwamba iliwanyamazisha watu wasio na kosa lolote. Kanuni mpya zilitoka 2020, na marekebisho ya 2022 yakapunguza ada.

Kinachoamua leo ni aina ya maudhui. Anayetoa habari na matukio yuko kwenye kundi linaloangaliwa kwa jicho kali kuliko anayefundisha kufuga mbuzi. Tatizo ni kwamba mpaka huo huvukwa bila kujua: kipindi cha bei ya kabichi kikianza kuchambua uamuzi wa halmashauri kuhusu ushuru wa mazao, kimeshaingia kwenye habari. Mtayarishaji aeleze kipindi chake kwa ukurasa mmoja, aupeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na aombe jibu la maandishi kuhusu kama anahitaji leseni na ya kundi gani. Asilipe chochote kwa mtu wa kati anayedai kurahisisha mambo.

Leseni nayo haimalizi kazi. Julai 2020 Kwanza Online TV ilifungiwa miezi 11 baada ya kuchapisha tena tahadhari ya ubalozi wa Marekani kuhusu ugonjwa wa korona. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya magazeti ya Mwananchi zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video. Katika tukio la kwanza maneno hayakuwa ya chombo chenyewe, ila kuyarudia kulitosha. Mwenye podikasti aweke basi kwenye faili chanzo cha kila dai alilolitoa hewani: tarehe, nakala, jina la aliyesema. Mali bila daftari huisha bila habari, na kipindi bila kumbukumbu hakina utetezi.

Jambo jingine ni la ndani ya nyumba. Podikasti nyingi huanzishwa na marafiki wawili au watatu, mmoja mtangazaji, mwingine fundi wa sauti, mwingine mwenye simu nzuri. Waandike mapema jina la kipindi ni la nani, nywila za akaunti ziko kwa nani, mapato yanagawanywaje, na mmoja akiondoka vipindi vya zamani vinabaki kwa nani. Kuhamisha haki za kiuchumi kunahitaji maandishi yaliyosainiwa. Maelewano ya mdomo hayatoshi.

Na madai ya hakimiliki yakija licha ya tahadhari zote hizo, mtayarishaji asifute kipindi kwa hofu. YouTube hutofautisha dai la mtambo, ambalo mara nyingi huathiri mapato au kipande cha sauti, na onyo la hakimiliki, ambalo likifika mara tatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa. Kwa dai la mtambo, mtayarishaji anaweza kukata kipande husika au kupinga akiambatanisha karatasi ya biti aliyosainiana na mtengenezaji. Kwa onyo, anaweza kuwasilisha pingamizi rasmi, na mlalamikaji hupewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amekwenda mahakamani. Asipofanya hivyo, kipindi hurudishwa. Karatasi hiyo ya biti ipigwe picha siku ileile inaposainiwa, ihifadhiwe kwenye barua pepe ya kipindi, na nakala moja ibaki kwa mtu wa pili, kwa maana simu huibiwa na karatasi za Mgeta hulowa masika.